Karatasi ya mhusika inanikataza kwenda Dodoma

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Sinza, na ni mhasibu msaidizi katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Naomba usinicheke, maana shida yangu imeanzia kwenye mchezo.

Huu ni mwaka wa tatu, kila Jumamosi jioni tunakutana watu watano sebuleni kwangu kucheza Dungeons & Dragons. Kwa msomaji asiyeujua, si kama bao wala ludo. Kila mchezaji ana mhusika aliyemtengeneza mwenyewe kwenye karatasi. Mmoja anasimulia kinachotokea, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na penye mashaka inarushwa dadu yenye pande 20. Msimuliaji anaitwa DM, na kwetu DM ni mimi. Karatasi ya mhusika ina namba sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Ukishazijua hizo ndipo unamchagulia fani. Mwenye nguvu anakuwa mpiganaji, mwenye wepesi mwizi, mwenye akili mchawi, mwenye busara mganga, mwenye haiba manju.

Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya mchezo. Ramani ikawa haionekani, basi mwenzetu mmoja, fundi wa programu za kompyuta, akasema tujitengeneze sisi wenyewe. Kila mtu ajaze karatasi yake kama alivyo kweli, bila kujipendelea. Tulicheka sana. Ila walipoondoka mimi sikuacha. Niliwasha mshumaa nikaendelea, na karatasi yangu ikatoka hivi, kwa kipimo ambacho mtu wa kawaida ni 10: nguvu 9, wepesi 11, ustahimilivu 14, akili 16, busara 14, haiba 8.

Haiba 8 si unyenyekevu, Mjomba. Harusini nakaa meza ya nyuma. Nikiambiwa niseme neno kwenye kikao cha familia viganja vinatoka jasho.

Sasa sikiliza. Bosi wangu anafungua tawi Dodoma na anataka nikalisimamie, nikiwa na wafanyakazi saba chini yangu. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mshahara utapanda, si sana. Njia ya pili ni kubaki hapa nimalizie mitihani ya bodi ya wahasibu, nimebakiza masomo manne. Njia ya tatu ni kuacha kazi na kusoma uchambuzi wa data. Yule fundi wa programu anasema mwenye akili 16 anapoteza ujana wake kwa kuandika ankara za misumari. Na kusema kweli hesabu zenyewe nazifanya nusu siku tu. Nusu nyingine naitwa mbele kutuliza mafundi waliogombana na vibarua kwa sababu mzigo umepungua, au napigiwa simu na wateja wa mikoani wasiotaka kuongea na mwingine. Nachoka.

Nimejaza daftari zima, Mjomba. Kila njia nimeipangia ngazi 1 hadi 20, kama mhusika anavyopanda kwenye mchezo kadiri anavyopata uzoefu: ngazi ya tano nitakuwa wapi, ya kumi na wapi. Nimefikiria hata kuchanganya fani mbili, uhasibu na data. Jibu linatoka lilelile. Mimi ni mchawi, niende kwenye data. Dodoma nisiende, kwa sababu kiongozi asiye na haiba atazikwa kwenye pango la kwanza.

Nilidhani nikipata jibu nitalala, lakini wapi. Halafu kuna mambo ambayo sikuyaandika kwa sababu karatasi haina sehemu yake: mkopo wa chuo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi, mama aliyeko Morogoro, na mdogo wangu wa chuo cha ufundi ambaye ada yake natoa mimi.

Je, ni ujinga kupanga maisha kwa karatasi ya mchezo? Na kama si ujinga, mbona jibu lake limenikaa vibaya hivi?

DM wa Sinza

*

Marahaba, mpwa wangu.

Mwaka 1988 nilikuwa kwenye meli ya mizigo, nikifanya kazi chumba cha injini, tukipiga Mombasa, Karachi na bandari za Ghuba. Injinia wetu wa tatu, Mwingereza mmoja mwembamba asiyekunywa, alikuwa na vijitabu vitatu vyeusi na dadu mbili za kawaida. Usiku zamu zikibadilika, watatu au wanne tulikaa mezani kwa mabaharia tukawa wasafiri wa anga za juu. Vijitabu vile vilikuwa mchezo wa Traveller, uliotoka Marekani mwaka 1977, kazi ya Marc Miller na wenzake. Nitaurudia mchezo huo, maana ndio uliokufaa wewe na si huu wa majoka. Nataka tu ujue kwamba umemwandikia mzee aliyewahi kufa mara mbili angani kabla ya chakula cha jioni. Sikucheki.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ni kazi yako. Nimejumlisha namba zako sita nikapata 72. Toleo la 2014 la mchezo wenu, mtu asiyetaka kurusha dadu anapewa safu ya kugawanya: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Ijumlishe. Ni 72 pia. Sidhani kama ulifanya makusudi. Mhasibu ni mhasibu hata kwenye giza na mshumaa, hajizidishii wala hajipunji. Lakini unajua vizuri kuliko mimi kwamba urari unaweza kulingana pande zote mbili na bado kuna kosa ndani yake, pale muamala sahihi ulipoingizwa kwenye akaunti isiyo yake. Urari haulionyeshi kosa la namna hiyo. Lazima ufungue leja.

Nimefungua leja yako, yaani barua yako, na hivi ndivyo nilivyoona. Watu wazima watano, Dar es Salaam hii ya foleni, Jumamosi jioni ambapo kuna harusi, mpira na misiba, wanakuja sebuleni kwa mtu yuleyule kwa mwaka wa tatu. Anayewakalisha ni wewe. Mafundi wakigombana na vibarua anaitwa mhasibu, si meneja, si mlinzi. Mteja wa mkoani akipiga simu hataki kuongea na mwingine. Hayo yote umeyaandika wewe mwenyewe, na umeyaandika kama malalamiko. Akaunti ya haiba umeiachia 8 kwa sababu ya viganja kutoka jasho kwenye kikao cha ukoo! Mpwa, viganja kutoka jasho ni woga wa kusimama mbele ya wajomba kama mimi. Haiba ni kitu kingine kabisa.

Lakini tuseme nimekosea na kweli wewe ni 8. Mchezo wenyewe unasemaje? Haiba 8 inakukata alama moja kwenye kila mrusho wa haiba. Moja tu, kwenye dadu ya pande 20. Mwenye haiba 12 anaongezewa moja. Kati yenu kuna pande mbili za dadu, asilimia kumi. Sasa weka mafunzo. Kwa kanuni hizohizo za 2014, mhusika aliyejizoeza jambo anaongezewa 2 akiwa ngazi ya kwanza, na nyongeza hiyo inapanda hadi 4 akifika ngazi ya tisa na 6 akifika ya kumi na saba. Chukua jaribio la ugumu wa kati, 15, yaani dadu pamoja na nyongeza zako zifike 15. Mwenye haiba 14, anayeongezewa 2, ambaye hajawahi kujizoeza kushawishi watu atafaulu mara 40 kwa 100. Wewe mwenye 8, ukiwa umejizoeza na uko ngazi ya tisa, mara 45. Umeendesha mchezo huu miaka mitatu na hukuiona hiyo? Umeiona. Ungemwambia mchezaji wako yeyote palepale. Tatizo ni kwamba safari hii karatasi ilikuwa na jina lako juu.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya zoezi lenu la gizani, na si kosa la mchezo. Katika kanuni za kwanza kabisa, za Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, sifa zilipatikana kwa dadu tatu za pande sita, na aliyezirusha alikuwa mwamuzi, si mchezaji. Mchezaji alipokea namba alizopewa ndipo akatafuta fani inayomfaa. Ninyi mmegeuza, mtu anajipa namba mwenyewe, na anajipa zile zinazoelekea fani ambayo tayari anaiwaza. Yule rafiki yenu wa programu, hebu niambie, na yeye karatasi yake haikutoka mchawi?

Kwa hiyo ichane hiyo karatasi, au iweke. Chukua nyingine tupu uwape wengine waijaze. Wenzako wa Jumamosi wasitoshe, wao wanakuona ukiwa unafurahi. Mfuate yule kibarua mzee pale dukani, wa miaka mingi, mfuate bosi, mpigie mama simu. Usimwombe mtu namba, mama hatajua 14 ni nini. Muulize swali moja: mara ya mwisho uliponiona nafanya jambo ukasema huyu anaweza, nilikuwa nafanya nini? Andika majibu kama yalivyo, hata la kukuudhi. Namba weka mwishoni, wewe kama DM, ukimhukumu mtu mwingine.

Sasa vijitabu vyeusi.

Kwenye mchezo wenu mhusika anaanza akiwa kijana wa ngazi ya kwanza, na ndoto zote ziko mbele. Kwenye Traveller kulikuwa na jambo la ajabu: kumtengeneza mhusika kulikuwa ni kumwishisha. Unaanza ana miaka 18. Unarusha dadu kupata sifa zake sita, na humo mna elimu na hadhi ya kijamii, kwa hiyo kama amezaliwa Masaki au Mbagala ni dadu iliyosema, yeye hakuulizwa. Kisha anaomba kazi. Kazi zilikuwa sita: wanamaji, wanajeshi wa meli, jeshi la nchi kavu, skauti (wapelelezi wa anga), wafanyabiashara, na moja iliyoitwa tu “nyinginezo”, ambayo nadhani ndiyo kazi ya Watanzania wengi. Akikataliwa anachukuliwa kwa lazima popote dadu itakapomtupa. Akikubaliwa, anatumikia muhula wa miaka minne. Muhula ukiisha unarusha kuona kama alinusurika, kama alipanda cheo, alijifunza nini, na kama watamkubali tena. Skauti walikufa kuliko wote. Katika kanuni zile za 1977, kushindwa mrusho wa kunusurika maana yake mhusika amekufa kabla mchezo haujaanza, unachukua karatasi mpya. Injinia wetu alikuwa anacheka mpaka machozi. Mimi nilizika skauti wawili usiku mmoja.

Jambo lililonikaa kichwani miaka yote hii ni lile la stadi. Kila muhula ulikuwa unapata stadi, lakini hukuchagua stadi gani. Ulichagua jedwali: la mwili na tabia, la kazi yenyewe, au la elimu ya juu. Ukishachagua jedwali, dadu ndiyo ilichagua stadi. Na jedwali moja la elimu hukuruhusiwa kuligusa kama elimu yako haikufika 8. Unakwenda kujifunza uongozaji wa chombo, unatoka na ufundi wa umeme. Unakasirika. Baadaye, katikati ya mchezo, taa za chombo zinazimika, na wote wanakutazama wewe.

Nikiyapiga maisha yangu kwa mihula ile, yanakaa hivi. Muhula wa kwanza niliomba ualimu nikakosa. Nikapita JKT, nikaishia gereji ya kaka yangu Tanga kwenye injini za dizeli. Sikuzipenda. Wa pili zile injini zikanipeleka baharini. Wa tatu ofisa mmoja mvivu wa kuandika akanisukumia ripoti zake zote, nikajifunza kuandika sentensi ambayo mtu aliyechoka ataielewa. Wa nne nikavunjika mguu kwenye ngazi za chumba cha injini, na hapo mrusho wa kunusurika ulipita kwa alama moja. Kilichobaki nilipoteremka ni zile ripoti. Ndizo unazozisoma sasa. Kwenye karatasi ya kijana wa miaka 18 niliyekuwa, hakuna sanduku ambalo ningeandika “mjomba wa ushauri”.

Wasomi nao walifika hapo kwa njia yao. Mwaka 1999 John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliandika kuhusu kazi zinavyotokea kwa matukio yasiyotarajiwa, na kwamba mtu anaweza kujiweka mahali ambapo tukio zuri litamkuta akiwa tayari. Injinia wetu angesema: chagua jedwali, urushe.

Sasa tupige muhula wako. Miaka 23 hadi 27, dukani Kariakoo. Jedwali ulilochagua lilikuwa uhasibu. Dadu ikatoa nini? Ikatoa kutuliza ugomvi wa mzigo pungufu. Ikatoa kukumbukwa kwa jina na mteja wa mbali. Umeipata stadi ya pili bila kuiomba, na kwa kuwa haikuwa kwenye jedwali uliloandika wewe, umeihesabu kama usumbufu unaokutoa kwenye kazi. Bosi wako yeye ameihesabu. Mfanyabiashara wa Kariakoo hampi mtu tawi kwa kumwonea huruma.

Ndiyo maana daftari lako la ngazi 20 limekukaa vibaya. Hakuna anayejaza ngazi ya kumi kabla ya kucheza ya kwanza. Hata kwenye mchezo wenu, mtu akifanya hivyo DM anamcheka, kwa sababu hajui mchezo utampeleka wapi. Futa kumi na tisa. Panga muhula mmoja, miaka minne, kuanzia 27 hadi 31.

Kuhusu kuchanganya fani, kwa ufupi: mchezo unaruhusu kwa mwenye sifa ya 13 au zaidi kwa fani zote mbili, lakini ngazi zinagawanyika. Mpiganaji wa ngazi tano aliye pia mchawi wa ngazi tano si sawa na mchawi wa kumi. Usiache kazi kwa ajili ya data. Kifungue kitabu cha mali cha tawi jipya tangu siku ya kwanza kwenye kompyuta, uone bidhaa gani inatoka wiki gani na ipi inalala ghalani. Ukijikuta saa nne usiku bado unachezea majedwali hayo na hujasikia njaa, hapo una habari. Ukiona kero, nayo ni habari, na haijakugharimu mshahara.

Nije kwenye yale uliyosema karatasi haina sehemu yake. Ina sehemu yake! Karatasi ya 2014 ina kisanduku cha kifungo, yaani mtu au jambo linalomshika mhusika, asiloweza kulitupa. Umewajazisha wenzako visanduku hivyo miaka mitatu, chako ukakiruka. Kuna mchezo mwingine, GURPS, wa Steve Jackson, uliotoka 1986, ambako mhusika anajengwa kwa pointi za kununulia. Humo, mtu anayekutegemea anaandikwa upande wa mapungufu, na pungufu linakurudishia pointi za kununua kitu kingine. Mimi sikubali kumwandika mama upande wa mapungufu, na ningemwambia huyo Bwana Jackson hivyo hivyo. Ila hesabu yake ina ukweli. Mdogo wako na ada yake vimekununulia nini? Vimekununulia ile ustahimilivu 14 uliyojipa bila kueleza imetoka wapi. Mtu ambaye mshahara wake una wenyewe watatu kabla haujafika anajua kupanga fedha na kusema hapana kwa upole, na tawi jipya linahitaji hasa hayo mawili.

Basi, rai yangu: nenda Dodoma. Nenda kwa muhula mmoja, na umwambie bosi hivyo, si kwa kutishia. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, mji ule unajengwa. Kuna Mji wa Serikali pale Mtumba, kuna nyumba za watumishi na za wapangaji wao, na kila moja inataka nondo, saruji na mabati. Ukiwa na hamu ya kujua kama unaweza kuongoza watu, usijaribu mahali ambapo biashara imelala, maana hutajua aliyeshindwa ni wewe au soko. Vitabu vya bodi vinasomeka Dodoma kama vinavyosomeka Sinza, na masomo manne kwa miaka minne si mzigo. Na treni ya SGR inasimama Morogoro. Mama hutakuwa umemwacha mbali, utakuwa umehamia upande wake wa pili.

Lakini usiseme ndiyo kabla ya kukaa na bosi mezani na karatasi. Mwenye tawi anayekosana na mwenye mali huwa anakosana naye kwenye mambo yasiyoandikwa. Kwanza, hesabu ya mali siku ya makabidhiano. Ihesabiwe mbele yenu wote wawili na kila mmoja atie saini, maana mwaka ukiisha na mifuko 200 ya saruji haionekani, hakuna atakayekumbuka kwamba haikufika. Pili, hao saba. Ni nani anaajiri, ni nani anafukuza? Kama wawili ni ndugu zake na huwezi kuwagusa, afadhali ujue leo. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Tatu, nyongeza ya mshahara inakaa wapi. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Bosi akikuongezea 300,000 kwenye msingi, 45,000 inakwenda kwenye mkopo kabla hujaiona. Si hasara, deni linapungua, lakini ada ya mdogo wako hailipwi kwa deni lililopungua. Mwombe sehemu ya nyongeza iwe posho ya pango. Wewe ni mhasibu, hilo utalipanga vizuri kuliko mimi.

Akikataa yote matatu, basi si tawi anakupa, ni lawama. Baki Sinza, malizia masomo manne, na uniandikie tena mwakani.

Kabla ya hayo yote, kuna Jumamosi hii. Nina hakika kwenye meza yenu kuna mmoja ambaye siku nyingi anaomba aendeshe mchezo japo mara moja. Mpe. Mwambie unaumwa koo. Chukua mhusika yeyote, kaa kwenye kiti cha pembeni, usimsaidie. Chukua kalamu, na kila mara watu wakibishana, au wakishindwa kuelewana zamu ni ya nani, piga kistari kila mmoja wao anapokugeukia wewe badala ya yule anayesimulia. Ukimaliza vihesabu. Halafu ndipo uijaze ile nafasi ya haiba.

Mjomba